Mlezi, klabu, kundi la mazungumzo au kikundi cha akiba: kijana aliyejikatia tamaa umpeleke wapi?

Mama mmoja hapa mtaa wa Oli, Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, alinisimamisha juzi nikitoka sokoni. Ana genge la nyanya na vitunguu, na ana binti wa miaka 19. Shule zilipofungwa Machi 2020 binti alikuwa kidato cha kwanza. Zilipofunguliwa kwa wanafunzi wote tarehe 10 Januari 2022, karo haikuwepo, na yeye hakurudi. Tangu hapo, anasema mama, mtoto amenywea. Akitumwa dukani anazunguka nyuma ya nyumba asipite mbele ya watu. Akisalimiwa anajibu huku anatazama vidole vyake vya miguu. Ukimwuliza anataka kufanya nini, jibu ni lile lile: "Mimi siwezi kitu."

Watu wamemshauri mama kila mmoja lake. Shemeji yake anasema mtafutie mtu mzima mwenye busara amshike mkono. Jirani anasema kuna klabu ya wasichana, ampeleke huko akachanganyike na wenzake. Mhudumu wa afya wa kijiji, wale tunaowaita VHT, amemwambia kuhusu kundi la mazungumzo la watu wenye msongo. Na yeye mwenyewe yumo katika kikundi cha akiba, anawaza amwingize huko. Aliniuliza kipi ni kipi.

Nipo katika shughuli hizi miaka kumi na kitu sasa. Nimekuwa mlezi wa vijana, nimeketi katika makundi ya mazungumzo, na kila Jumamosi nahesabu pesa katika kikundi chetu. Nilimjibu mbio mbio, "Mjaribishe vyote." Nilipofika nyumbani nikaona nimemkosea. Mwanamke anayefungua genge saa kumi na mbili asubuhi hana muda wa vyote, na binti aliyenywea hana nguvu ya kujaribu milango minne. Haya ndiyo ningemwambia kama tungepata kiti.

## Maswali ya kuuliza kwanza

Swali ninaloliweka mbele ya mengine yote ni hili: huyu mtu, au kundi hili, litakuwepo mwaka ujao?

Nina sababu. Mwaka mmoja mradi fulani uliokuwa ukiendeshwa huku kwetu ulinikabidhi binti wa miaka 15 nimlee. Tulikutana kila Alhamisi jioni chini ya mwembe karibu na nyumbani kwangu, tunachambua maharage ya chakula cha usiku huku tunazungumza. Mwezi wa kwanza alikuwa anachambua tu. Mwezi wa tatu alianza kucheka. Mwezi wa nne nikapata kazi Kampala. Nilimuaga kwa simu, nikamwahidi nitampigia kila Jumapili, nikampigia mara tatu. Nilipomkuta tena baada ya mwaka, alinisalimia kwa heshima zote, kama anavyosalimiwa mgeni, na hapo nikajua nilichofanya. Yule mtoto alikuwa ameshafundishwa na maisha kwamba watu humwacha. Mimi nilikuja kumthibitishia.

Baadaye nilisoma kuhusu utafiti wa Jean Grossman na Jean Rhodes, uliochapishwa mwaka 2002. Walifuatilia vijana zaidi ya 1,100 nchini Marekani waliopewa walezi wa kujitolea. Waliokaa na mlezi mwaka mzima na zaidi ndio walionufaika kuliko wengine. Wale ambao uhusiano wao ulikatika ndani ya miezi mitatu ya mwanzo walishuka katika kujithamini kwao. Yaani mlezi anayekuja na kuondoka haachi mambo kama alivyoyakuta. Kwa hiyo kabla hujauliza mtu ana cheti gani au anajua kuongea vipi, uliza anaishi wapi, analipwa na nani, na huo mshahara unaisha lini.

Swali la pili ni siri. Mtaani kwetu jambo likisemwa asubuhi kisimani, jioni limefika stendi ya boda. Kijana akisikia maneno yake yanarudi kwake kutoka mdomo wa mtu mwingine, hatafungua kinywa tena kwa muda mrefu.

Lugha nayo isisahaulike. Arua mtu anaweza kuwa Mlugbara, Mkakwa, Mwaringa, Mnubi, au amevuka kutoka Kongo au Sudan Kusini. Kiswahili kinatuunganisha sokoni, lakini mtu anaweza kuuza na kununua kwa Kiswahili vizuri sana na bado asiweze kulia kwa Kiswahili. Uliza watazungumza lugha gani pale jambo likiwa zito.

Kisha uliza kama kuna cha kufanya kwa mikono. Sijawahi kuona kijana aliyeanza kujithamini kwa kuambiwa "wewe ni wa thamani". Nimeona walioanza kwa kufanya kitu kikasimama, watu wakakiona. Mwisho ni gharama: pesa, muda, nauli, na kazi za nyumbani zitakazobaki bila mtu.

## Mlezi wa mtu mmoja

Kinavyoendeshwa. Mtu mzima mmoja na kijana mmoja, mara moja kwa wiki hivi, kwa muda mrefu. Jambo hili si geni Uganda. Baganda wana ssenga, shangazi wa upande wa baba, ambaye kazi yake ni kumfunda binti. Waacholi wana wang-oo, moto wa jioni ambapo wazee huketi na watoto wakasimulia na kuonya. Vita vya kaskazini mwa Uganda viliuzima moto huo kwa familia nyingi zilizohamishiwa kambini, na miji nayo imewatenga mashangazi na wapwa zao, ndiyo maana leo mlezi mara nyingi ni mwalimu, muuguzi mstaafu, mtu wa kanisani au msikitini, au mtu wa kujitolea aliyeletwa na shirika.

Mlezi bora niliyewahi kumwona, lakini, alikuwa fundi cherehani. Hakuwa na mafunzo yoyote ya unasihi. Alipokea msichana aliyefukuzwa nyumbani kwa sababu ya mimba, na wiki mbili za mwanzo alimpa vifungo tu. Kutoa vifungo kwenye kopo, kuvipanga kwa rangi, kuvishona. Halafu pindo. Kila pindo lililopinda alilifumua mwenyewe kimya kimya, akamrudishia kitambaa, akamwambia, "Tena, mama." Siku moja mteja alileta kitenge kipya cha sare ya harusi, fundi akakitandika mezani, akachora kwa chaki, akamgeuzia yule msichana mkasi, mpini ukimwelekea yeye. Mteja amesimama pale pale anatazama. Nilimwona msichana akivuta pumzi, akakata. Mstari ulinyooka.

Siri na lugha. Hapa ndipo siri inapolindwa vizuri zaidi, maana masikio ni mawili. Lugha huchaguliwa na wawili hao.

Gharama. Pesa karibu hakuna, isipokuwa kama ni fundi anayetoza ada ya mafunzo. Gharama kubwa ni muda wa mlezi, na ndio unaowashinda wengi.

Kinapokwama. Kwanza ni lile nililolisema: mlezi akiondoka, kila kitu kinaondoka naye. La pili ni zito, na wazazi wengi hulionea haya. Mtu mzima na mtoto wakiwa peke yao, mlango uko wazi kwa mwenye nia mbaya. Wakutane mahali pa wazi, mlezi awe wa jinsia moja na kijana, na kuwe na mtu wa tatu anayejua siku na saa. Mtoto akidhuriwa au ukishuku, kuna simu ya bure ya serikali ya kusaidia watoto, namba 116. La tatu: mlezi akianza kutoa pesa na zawadi, kijana hugeuka mwombaji, na mazungumzo yanakwisha.

Anayemfaa. Kijana anayeogopa watu wengi, aliyebeba jambo asiloweza kulisema mbele ya kundi, au mwenye lengo mahususi kama kujifunza kazi au kurudi shule, na ambaye amepata mtu aliyekwisha jikita mahali.

## Klabu ya vijana

Kinavyoendeshwa. Chumba au uwanja, vijana wa rika moja, na kiongozi aliyewazidi umri kidogo tu. Mfano unaojulikana zaidi Uganda ni klabu za wasichana za shirika la BRAC. Zilikusudiwa wasichana wa miaka 14 hadi 20, walioko shule na walioacha, zikifunguliwa alasiri siku tano kwa wiki, zikiongozwa na msichana mkubwa wa hapo hapo kijijini. Ndani yake kulikuwa na michezo, kucheza na kuimba, mafunzo ya maisha kama vile kujua mwili wako, kukataa usichokitaka na kutatua ugomvi, pamoja na mafunzo ya kazi: ushonaji, ususi, kilimo, biashara ndogo.

Wanauchumi wakiongozwa na Oriana Bandiera walizifuatilia katika jamii 150, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2020. Baada ya miaka minne, katika maeneo yenye klabu, mimba za wasichana wadogo zilikuwa zimepungua kwa takriban theluthi, na wasichana wenye shughuli ya kuingiza kipato walikuwa wameongezeka kwa karibu nusu. Kinachonigusa katika utafiti ule ni kwamba mafunzo ya maisha na mafunzo ya kazi yalitolewa pamoja. Nimehudhuria semina nyingi za "kujiamini" ambazo msichana anatoka akiwa na kalamu na soda, na kesho yake bado anamtegemea mwanaume yule yule kwa hela ya sabuni.

Siri na lugha. Siri ni dhaifu. Wasichana ishirini wa mtaa mmoja hawawezi kunyamaza wote. Lugha ni ya mtaani, huwa rahisi.

Gharama. Kwa kawaida bure. Ila alasiri ndiyo saa ya kuteka maji na kupika, na mama asipomwachia binti nafasi, klabu inabaki jina.

Kinapokwama. Klabu nyingi huishi kwa pesa za wafadhili. Mradi ukifungwa, chumba kinakuwa stoo. Uliza wasichana wenyewe, wala usiishie kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kama klabu ilikutana wiki iliyopita. Tena mwenye aibu kali anaweza kwenda, akakaa nyuma karibu na mlango, akarudi nyumbani amezidi kujiona si kitu kwa kuwa wenzake wote walikuwa wanacheka.

Anayemfaa. Aliyepoteza marafiki zaidi ya kupoteza kitu kingine. Wale ambao shule iliwatoka ghafla huwa hivyo: hawaugui, wamebaki peke yao tu.

## Kundi la mazungumzo

Kinavyoendeshwa. Hili wengi hawalielewi, wanadhani ni mkutano wa maombi au wa siasa. Kundi dogo la watu wenye huzuni ya muda mrefu hukutana kila wiki kwa wiki kadhaa, likiongozwa na mtu wa kawaida aliyefundishwa. Uganda ina historia ya kujivunia hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti, Paul Bolton na Lena Verdeli wakiwa miongoni mwao, walifanya kazi katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, eneo ambalo UKIMWI ulikuwa umeacha makaburi karibu kila ua. Kabla ya kuleta chochote waliwauliza wenyeji huzuni wanaiitaje. Wakapewa maneno mawili ya Kiganda: okwekyawa, kujichukia, na okwekubagiza, kujihurumia. Naliona kuwa jambo kubwa kwamba wanakijiji walikwisha kulitambua, kwa neno lao wenyewe, lile ambalo mama wa Oli alikuwa anajaribu kunieleza kuhusu binti yake.

Vijiji 15 vilipata makundi, 15 havikupata. Wanawake walikaa na wanawake, wanaume na wanaume, dakika 90 kila wiki kwa wiki 16. Hawakupewa dawa wala pesa. Walitazama huzuni imeanzia wapi: kufiwa, ugomvi na mtu wa karibu, au mabadiliko ya maisha. Kisha wakasaidiana kutafuta hatua moja ya kuchukua wiki hiyo. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2003, yalionyesha huzuni ikishuka sana kwa walioshiriki kuliko kwa wasioshiriki, na mengi ya makundi yaliendelea kukutana yenyewe baada ya mpango kuisha. Shirika la StrongMinds linatumia njia hiyo Uganda hadi leo, hasa kwa wanawake na vijana.

Karibu zaidi na sisi ni kambi ya Rhino Camp. Huko wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki katika utafiti wa kozi fupi ya Shirika la Afya Duniani: vikao vitano vya sauti iliyorekodiwa kwa lugha yao, pamoja na kitabu cha picha, vikiendeshwa na watu wasio wataalamu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020, na miezi mitatu baada ya kozi waliohudhuria walikuwa na mfadhaiko mdogo kuliko wenzao. Moja ya mbinu zake unaweza kuifanya sasa hivi. Mawazo yakikuzidi, kandamiza nyayo zako chini uisikie ardhi. Pumua taratibu. Nyoosha mikono. Tazama vitu vilivyo mbele yako, kimoja kimoja. Mawazo hayaondoki, lakini yanaacha kukuburuta. Nimewafundisha madereva wa boda mbinu hiyo, na mmoja aliniambia anaifanya kila akisimamishwa na askari.

Siri na lugha. Siri ndiyo kanuni ya kwanza, na hutamkwa mwanzoni mwa kila kikao. Kundi likiwa la watu wanaoishi ua mmoja, usiliamini haraka. Lugha ndiyo inayoliua au kuliokoa kundi: hapa ndipo watu hulia.

Gharama. Bure kwa kawaida, saa moja na nusu hadi mbili kwa wiki.

Kinapokwama. Muda ni mfupi, na baada ya wiki kadhaa kundi limemaliza kazi yake. Ukweli ni kwamba ufupi huo haudhuru kama ule wa mlezi anayetoroka, kwa sababu siku ya mwisho inajulikana tangu siku ya kwanza na watu huagana uso kwa uso. Tatizo jingine ni jina: mtaani wataambiana kwamba pale ni pa "wagonjwa wa akili". Binti asilazimishwe. Kingine, kundi linapunguza uzito moyoni lakini halimpi mtu kazi wala ujuzi.

Anayemfaa. Ambaye huzuni imemlemea kiasi kwamba klabu wala kazi havimwamshi: hapati usingizi vizuri, hali chakula vizuri, analia bila sababu anayoiona, anajilaumu kwa kila kitu. Mtu wa namna hiyo ukimpa mkasi hataushika. Atulie kwanza.

## Kikundi cha akiba

Kinavyoendeshwa. Watu hushangaa nikikiweka hapa. Kikundi cha akiba ni cha pesa, kinahusiana nini na kujithamini? Njoo ukae nasi Jumamosi moja.

Utaratibu huu ulianza Niger mwaka 1991, shirika la CARE likifanya kazi na wanawake, na sasa umeenea Uganda hadi ni vigumu kukuta kijiji kisichokuwa nao. Watu 15 hadi 25 hivi, waliochaguana wenyewe, hununua hisa kila wiki na kugongewa muhuri katika kitabu. Hukopeshana, huweka kidogo katika mfuko wa dharura wa kufiwa na kuugua, na mwisho wa mwaka hugawana. Pesa hukaa ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu, na anayetunza sanduku hana hata mmoja.

Hapo kwenye ufunguo ndipo ninapotaka utazame. Miaka mitatu iliyopita tulimpokea msichana wa miaka 18 ambaye hakuwa anatoa sauti. Tulipochagua washika funguo, mzee mmoja akamtaja yeye. Kila mtu alinyamaza. Alipokea ule ufunguo mdogo, akaufunga kwenye pindo la leso. Wiki iliyofuata mvua kubwa ilinyesha, tukachelewa wote, na tulipofika tulimkuta amekwisha fika, ameketi chini ya paa la duka, analoa upande mmoja. Bila yeye sanduku lisingefunguka na watu 22 wasingepata pesa zao, na alilijua hilo. Mwezi wa tano tulimfanya mhesabuji. Mhesabuji lazima atamke jumla kwa sauti, kila mtu asikie na akariri hadi wiki ijayo. Mara ya kwanza alinong'ona. Akina mama wa nyuma wakasema, "Hatujasikia, binti." Akarudia. "Bado." Ya tatu tuliisikia wote: laki mbili na elfu arobaini na tatu.

Siri na lugha. Siri za moyoni hazizungumzwi pale, na hilo linawafaa wengine. Lugha huwa mchanganyiko wa kikundi chenyewe.

Gharama. Hiki ndicho pekee kinachodai pesa mkononi kila wiki, na faini ukichelewa. Kikundi hupanga bei ya hisa. Tafuta chenye hisa ya bei ambayo kijana ataimudu hata wiki mbaya.

Kinapokwama. Kushindwa kulipa mkopo mbele ya majirani ni aibu inayoweza kumzamisha mtu chini zaidi ya alipokuwa. Kijana asikope mwaka wa kwanza. Vikundi pia huvunjika kwa wizi na kwa ugomvi wa ukoo. Tena usitarajie utajiri: utafiti uliofanyika Ghana, Malawi na Uganda, uliochapishwa mwaka 2017, uliona biashara za nyumbani na nafasi ya wanawake katika maamuzi zikipanda, lakini matumizi ya kaya kwa wastani hayakubadilika.

Upande wa kudumu, hata hivyo, kinazidi vingine vyote vitatu. Hakina mfadhili wa kuondoka. Wanachama ndio majirani, na walikuwepo jana.

Anayemfaa. Kijana anayesema "siwezi kitu" lakini bado anaamka, anaoga na anafanya kazi za nyumbani, na ambaye mtu mzima wa karibu yumo tayari. Vikundi vingi hutaka miaka 18, ingawa vipo vya vijana.

Kuna na mengine nisiyoweza kuyapima hapa: vijana wa kanisani na msikitini, skauti, na kambi za likizo kama Ekisaakaate cha Nnabagereka, yaani malkia wa Buganda, iliyoanza mwaka 2007. Kambi hufungua macho, lakini ni ya muda mfupi. Yachukuliwe kama nyongeza.

## Kulingana na hali ya mtoto wako

Anazungumzia kufa, amejidhuru, anasikia sauti wengine wasizozisikia, au ameacha kabisa kula na kuinuka: usitafute mlezi wala klabu. Mpeleke hospitali leo. Hospitali za rufaa za mikoa, ya Arua ikiwemo, zina wahudumu wa afya ya akili, na Kampala ipo hospitali ya magonjwa ya akili ya Butabika. Wodi za kawaida za serikali hazitozi, ingawa dawa zikiisha utaambiwa ununue nje. Beba akiba kidogo. Usimwache peke yake njiani.

Kama analia, halali na anajilaumu lakini hayuko hatarini, ningeanza na kundi la mazungumzo, nikiulizia kwa VHT au kituo cha afya, na wiki za mwisho za kundi nitafute pa kumpokea: fundi, klabu au kikundi. Pengo likiachwa kati ya hapa na pale, watu hurudi nyuma.

Kama ana virusi vya UKIMWI, atafute wenye hali kama yake kabla ya yote haya. Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI, mwaka 1987 kwa kukaa pamoja na kuzungumza, wakati ambapo dawa hazikuwepo, na vituo vingi vya afya leo vina vijana waliofundishwa kuwasaidia wenzao. Mlezi asiyeujua ugonjwa huo kwa ndani atajitahidi, lakini hataelewa kwa nini mtoto anaficha vidonge kwenye kopo la mafuta ya kujipaka.

Aliye na siri ya kudhulumiwa kimwili anahitaji sikio moja, la mtu mliyemchunguza. Kundi lingoje. Mvulana mkaidi anayeshinda stendi, ambaye ukimwambia neno "msongo" anaondoka, mpe gereji na fundi mwenye subira; atazungumza akiwa amelala chini ya gari. Mkimbizi aliyehamia juzi aanzie penye lugha yake, hata kama ni mbali. Na mzazi ambaye mtoto wake hana shida kubwa ila amezubaa tangu shule ikatike, klabu iliyo hai inatosha kuanzia.

Kwa mama wa genge la nyanya, nimefikiri hivi. Binti yake anapika, anafua, anaangalia wadogo zake. Analala. Hajazungumzia kufa; nilimwuliza mama mara mbili, na ningependa amwulize binti mwenyewe bila kuogopa neno hilo. Klabu ya jirani nimeiulizia, na haijakutana tangu Machi. Mlezi wa kuaminika hatujampata bado, na mimi sitajitolea kabla sijajua nitakuwa wapi mwakani. Basi Jumamosi aje na mama yake kikundini. Asinunue hisa, asiseme chochote. Tuna bakuli la plastiki la kupokelea pesa ambalo hupita kutoka mkono hadi mkono, na mwenye kulishika hatakiwi kuongea, analishika tu lisimwagike. Tunaanza saa tisa, chini ya mwembe ule ule.